Mimi Ndiye Niliyeng'oa Waya

Andikeni jina langu vizuri, msiliharibu: Francine, muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi, miaka kumi na tisa katika hospitali ileile ya mlimani hapa Bukavu. Waya niliung'oa mimi. Sikusukumwa na mtu, na siombi radhi.

Mambo yalianza kwa furaha. Wafadhili walituletea pampu sita za serumu, zile zinazopitisha dawa mshipani kwa kipimo unachoandika kwenye kioo chake. Ziliungwa na Wi-Fi, kwa hiyo mkurugenzi wetu, Docteur Anaclet, aliziona zote kwenye kompyuta ya ofisi yake, hata akaweza kubadilisha kipimo bila kuinuka kitini. Alizipenda, jamani! Kila mgeni alipelekwa kutazama ile kompyuta kabla hata ya kupewa maji ya kunywa.

Bruno, fundi wetu wa kompyuta, alimwambia mapema. "Docteur, mashini ziko bado na code ya siri ya kiwandani, na ziko ku Wi-Fi moja na batu yote. Mwenye kuingia mule anaweza kuziamuru." Akajibiwa kwamba tutaona wageni, wale wafadhili, wakishakuja kuzitazama na kuondoka.

Na hao "batu yote", nani aliwapa Wi-Fi? Mimi. Kwetu mgonjwa halali hospitalini peke yake. Ana garde-malade wake, mama au dada, wa kumwogesha, kumpikia na kukaa naye, na huyo anahitaji WhatsApp ili familia ilete dawa na damu. Walinichosha kwa kuuliza, nikaandika neno la siri kwa kalamu nene kwenye kipande cha karatoni, nikakibandika mlangoni. Hata wauza ndizi wa barabarani walilijua. Kosa hilo ni langu na ninalibeba.

Jumanne, saa nane mchana. Kitanda cha nne alilala Amisa, binti kutoka Sange, aliyejifungua siku iliyotangulia akiwa na presha ya kutisha. Tulikuwa tunampa magnesiamu ili asipate degedege. Dawa hiyo ikienda polepole inaokoa. Ikikimbia inazima pumzi. Garde-malade wake alikuwa mama yake mzazi, Maman Kulthumu, mjukuu kifuani.

"Maman Francine," akaniita, "hii mashini iko inakimbia. Chupa inaisha mbio."

Nilitaka kumwambia atulie, mashine haikosei. Namshukuru Mungu mdomo ulichelewa. Kioo kilisoma mia moja na themanini, na asubuhi niliandika ishirini kwa mkono wangu huu. Nikairudisha ishirini. Tukaikodolea macho sote wawili. Ikapanda tena, yenyewe, bila kidole cha mtu.

"Yesu Maria!" nikasema.

"Ya Rabi," akasema yeye.

Nikafunga mrija, nikamchomoa Amisa kwenye pampu. Nikampiga gotini kwa kinyundo, mguu haukucheza: dawa ilikuwa imemzidi. Nikahesabu pumzi: tisa kwa dakika. Nikamwingizia mshipani kalsiamu, inayoizima magnesiamu, taratibu, huku namwita jina. Pampu ya kitanda cha sita nayo ikaanza kupanda. Nikamfokea Priscille, mwenzangu wa zamu, azifunge zote, nami nikaenda ukutani nikaung'oa waya wa kisanduku cha Wi-Fi, ukatoka na plasta ya ukuta.

Robo saa baadaye Bruno alikuwa amefika na kuanza kuipekua pampu, na pumzi za Amisa zilikuwa kumi na nne. Akafungua macho, akamwulizia mtoto wake. Nililia mbele za watu, wala sikuona haya.

Docteur Anaclet alifika anahema. Hakuuliza habari za mgonjwa. "Ordinateur ya ofisi yangu haionyeshe kitu! Nani alikata?"

"Ni mimi."

"Rudisha. Bageni banakuya kesho."

"Sirudishi."

Akaniandikia demande d'explication, ile barua ya kukutaka ujieleze kwa maandishi ndani ya saa arobaini na nane, ambayo kila mfanyakazi wa Kongo anaiogopa. Kisha akanivuta kando, akalainisha sauti: niandike tu kwamba nilikosea kipimo, mambo yaishe. Nisingizie mkono wangu! Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawaka. Nikaandika palepale, nimesimama, juu ya meza ya dawa. Kwamba neno la siri nililibandika mimi. Kwamba Bruno alionya na hakusikilizwa. Kwamba amri ya mia moja na themanini ilitoka nje ya hospitali, Bruno ameiona katika kumbukumbu za mashine, na aliyeituma hatumjui. Kwamba katika wodi yangu hakuna pampu itakayorudi kwenye Wi-Fi. Bruno akasaini chini yangu. Sikumwomba.

Tulirudi kwenye matone ya kuhesabu kwa macho. Amisa tulimrudishia dawa yake kidogo kidogo, na mama yake hakuuacha ule mrija, saa ya simu mkononi, midomo ikihesabu.

Asubuhi Docteur akaja na waya mpya. Wageni walikuwa tayari ofisini kwake. Akaunga kisanduku, akavuta pampu mpaka kitanda cha nne. Nikasimama mbele ya kitanda. Maman Kulthumu akasimama ubavuni mwangu, kisha garde-malade wa kitanda cha sita, kisha wote.

"Francine, toka pale."

"Docteur, kitanda ya tano iko wazi. Lala. Nikufunge weye wa kwanza ku pampu, na magnesiamu yako, ku Wi-Fi yako. Ukiwa bado unapumua saa sita, nitawafunga bengine."

Akacheka, peke yake. Hakuna mwingine aliyecheka. Akakitazama kitanda cha tano, akanitazama mimi, akakitazama tena.

Hakulala.