Vitabu Arobaini vya Kushikwa

Umewahi kupewa kitabu ukaambiwa ukishike tu, usikifungue? Basi Ijumaa hiyo watu thelathini na wawili walipewa hivyo, tena ndani ya maktaba, katika chumba cha kusomea chenye madirisha manne, mawili ya vioo na mawili yaliyozibwa kwa kadibodi.

Mtunza maktaba alifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Alifuta meza kwa kitambaa kibichi, kisha kwa kikavu, akapanga viti, kile cha mguu mbovu akakiegemeza ukutani. Wasomaji walimwita Mama Kadi, na jina hilo alilipata kwa kazi yake. Kila kitabu kipya alikisoma kwanza mwenyewe, ndipo akakiandikia kadi ya mistari mitatu: kinahusu nini, kinamfaa nani, na nani akae nacho mbali. Kadi alizikata kwenye kalenda za miaka iliyopita. Karatasi ngumu ya ofisi ilikuwa imeisha zamani, na barua ya kuomba nyingine haijajibiwa mpaka leo. Kwa hiyo upande mmoja palikuwa na tarehe zilizokwisha kupita, upande wa pili maneno yake kwa kalamu ya buluu. "Kinamfaa mwenye mawifi wengi." "Usikianze ukiwa na chungu jikoni."

Watu walizisoma kadi hizo hata wasipoazima kitabu.

Lakini kwa miaka minne kitabu kipya hakikuja. Kadi zilipauka. Mpaka Jumanne ya wiki hiyo, gari la makao makuu likashusha maboksi mawili: vitabu arobaini, riwaya kumi na nane na vingine vya maarifa. Barua iliyokuja navyo ilisema mgeni rasmi atavizindua Ijumaa saa nne, na kabla ya hapo kisiazimwe hata kimoja. Mama Kadi hakulalamika. Siku tatu hizo alisoma akila, akasoma akingoja maji yajae ndoo. Riwaya mbili alizimaliza, nyingine alionja mwanzo na mwisho, vile vya maarifa akavipekua sura kwa sura. Kadi arobaini zikatimia.

Saa tatu wasomaji walianza kuingia. Wa kwanza alikuwa Bwana Chochote.

Huyo alikuwa mnoa visu wa kwenye lango la soko, mtu wa miaka sitini hivi, vidole vimejaa alama ndogo ndogo za makali. Alikuja kila Ijumaa na begi lake la mawe ya kunolea. Jina alipewa na Mama Kadi, kwa sababu kila akiulizwa anataka kitabu gani, jibu lilikuwa hilo hilo.

"Chochote tu, dada."

Naye Mama Kadi alijivunia kumchagulia bila kumuuliza zaidi. Alijua kwamba ana mke, kwamba mke hatoki sana, na kwamba jioni mume humsomea kwa sauti. Yaliyobaki aliyakisia. Miaka tisa alimpa riwaya, na riwaya za maktaba nzima zilikwisha, wakaanza upya kutoka rafu ya kwanza.

"Sasa hivi mke wangu anaumalizia mstari kabla sijaufikia," alisema asubuhi hiyo akikaa. "Jana kaniambia, baba, funga tu hicho kitabu, nimeshakuwa mimi ndiye mwandishi."

Mama Kadi alicheka, akainama karibu naye.

"Leo utampelekea kipya, kaka. Nimekuwekea. Ndugu wawili wanagombea cherehani ya mama yao. Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta."

"Leo leo?"

"Leo leo. Wakishakata utepe tu, natoa mhuri."

Mnoa visu alivitupia jicho vitabu vingine mezani. "Haya, dada. Ahsante."

Saa nne ikafika, ikapita. Saa tano. Mzee mmoja alisinzia, mwanamke muuza mayai akaondoka kwenda kuangalia mayai yake, akarudi. Saa saba kasorobo ndipo mgeni rasmi alipofika, na nyuma yake ofisa wa makao makuu, msichana nadhifu mwenye kitambulisho shingoni na daftari kifuani. Ofisa aliwagawia watu vitabu kwa upesi, kama anayegawa sahani, bila kutazama anampa nani nini.

"Vishikeni hivi, jalada lielekee kamera. Msifungue, mtavunja mgongo wa kitabu."

Bwana Chochote alipewa kitabu chembamba chenye jalada la kijani. Alitazama jalada, akakigeuza, kisha polepole akakifungua katikati na kuinamisha kichwa.

"Mzee," mpiga picha alisema, "usisome. Tazama huku, utabasamu."

Alitazama huko. Kidole chake kilibaki ndani ya kurasa. Mgeni rasmi alipoanza kuhutubia kuhusu taifa linalosoma, mnoa visu alikuwa ameinama tena, midomo ikicheza kama ya mtu anayekariri. Mama Kadi alimwona, akadhani ni ule uungwana wake, kwamba kila apewacho anakipokea.

Hotuba ilipokwisha utepe ulikatwa. Mama Kadi alikuwa tayari na mhuri na kidau cha wino. Lakini ofisa alisimama mlangoni na yale maboksi mawili, matupu.

"Jamani, tunavirudisha humu. Taratibu, msisukumane."

"Virudi wapi, mwanangu?" Mama Kadi aliuliza.

"Gari linasubiri, mama. Kesho vinazinduliwa tawi la pili, Jumatatu la tatu. Matawi ni sita na vitabu ni hivi arobaini."

"Kwa hiyo hapa havibaki?"

"Hapa vimezinduliwa." Ofisa alisema hivyo kwa upole kabisa, kama anayemweleza mtoto. "Vikimaliza mzunguko, utaratibu utatolewa."

"Na wasomaji wangu niwaambie nini?"

"Waambie vipo. Si wameviona?"

Muuza mayai alikuwa wa kwanza kukirudisha chake. "Mimi nilijua," alisema. "Mtu hakupikii pilau akakuonyesha mvuke bure."

Ilikuwa katika msukumano huo Mama Kadi alipofanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika miaka ishirini na sita ya kazi. Ile riwaya ya cherehani ilikuwa mezani pake. Aliichukua, akapita karibu na mnoa visu, akaitumbukiza ndani ya begi la mawe.

"Begi lako lina mgeni, kaka," alinong'ona. "Nenda nalo."

Mnoa visu hakwenda. Kitabu chake cha kijani kilikuwa bado mkononi, na ofisa alipokifikia ilibidi akivute mara mbili.

Kisha ofisa akahesabu. Aliinua kila kitabu, akakikung'uta ili kadi ianguke. "Haya makaratasi hatuyahitaji, kule wana mkutubi wao." Kadi zilianguka moja moja sakafuni, tarehe juu, maandishi chini. Alifika thelathini na tisa, akahesabu upya, vikawa thelathini na tisa.

"Kimoja hakipo, mama."

"Labda mlikuja navyo thelathini na tisa."

"Ulisaini arobaini. Saini yako hii hapa." Aligeuza daftari. "Mimi sitaki ubaya na wewe. Lakini ripoti itaandikwa kwa jina lako. Umebakiza muda gani kustaafu?"

Mama Kadi alitazama mhuri wake. "Miezi saba."

"Umeona."

Ndipo begi likasikika likifunguliwa. Mnoa visu alisogeza jiwe la kwanza, la pili, akakitoa kitabu na kukipangusa vumbi kwa kiwiko.

"Nilijisahau nacho," alisema, ofisa akikikung'uta nacho kadi ianguke. "Uzee huu."

"Mzee, vitabu vya serikali havinolewi," dereva alitania kutoka mlangoni, na wawili watatu wakacheka. "Kwani unajua kusoma?"

"Kiasi," mnoa visu alijibu. "Kwa muda ninaopewa."

Gari liliondoka saa nane na nusu. Wasomaji nao walitoka, kila mmoja akaaga kwa sauti ya chini kama watu wanaotoka msibani. Mama Kadi alipiga magoti akaanza kuokota kadi, na mnoa visu akapiga magoti upande wa pili, akamsaidia.

"Kwa nini umekitoa?" aliuliza Mama Kadi. "Ungekuwa umeshafika nyumbani."

"Miezi saba, dada. Tusidanganyane."

"Mkeo atasemaje?"

Mama Kadi alitafuta kadi ya cherehani, akampa. "Chukua hii basi, umsomee hata mistari mitatu."

Aliipokea kwa mikono miwili, kwa adabu yake ile ile, akaiweka mfuko wa shati. Lakini hakuinuka. Aliendelea kuzigeuza zile nyingine moja moja, akisoma kila moja, mpaka akafika aliyoitaka. Mama Kadi aliutambua mwandiko wake mwenyewe: "Kuuguza mtu nyumbani. Kina michoro ya mikono, unaona pa kushika na pa kuachia. Kinamfaa mwenye mgonjwa asiyejiweza kitandani. Asiye na mgonjwa awaachie wenye haja."

"Kile cha kijani," Mama Kadi alisema.

"Nilifika ukurasa wa hamsini na mbili. Mchoro wa pili sikuuona vizuri." Aliipapasa kadi kwa kidole gumba, kama anayepima makali. "Ana mwaka wa tatu kitandani. Nesi aliniambia nimgeuze-geuze. Vipi, hakuniambia, foleni ilikuwa ndefu nyuma yangu."

"Kaka, miaka yote hii. Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unanichagulia kwa moyo mmoja, dada. Nikaona haya." Aliisoma kadi tena. "Lakini nilikuwa nataka kujua namna ya kumgeuza mke wangu bila kumchuna ngozi."