Miaka Minne ya Dorotea

Jumatatu saa moja asubuhi Amisa alikuwa ameshaloweka mashuka ya wodi ya wazazi, nyuma ya hospitali moja mjini Muyinga, Dorotea alipoingia akamwamkia. Walikuwa wamemzika Jumamosi. Alivaa gauni la buluu alilozikwa nalo, na juu yake akafunga aproni ya kazi. Visigino vyake vilikuwa na udongo mwekundu. Akaviosha bombani kwanza ili asichafue sakafu.

"Mama Lucia," Amisa akasema, "iko kitu ulisahau?"

"Sijasahau kitu, Mama Yasmina. Tangu Jumamosi najaribu kulala, usingizi hauji. Sina barua ya kustaafu."

Dorotea alikulia Tanzania, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka hata sasa. Akachukua ncha ya shuka, Amisa akashika nyingine, wakakamua.

Walikuwa wamefua pamoja miaka ishirini na saba. Wiki tatu kabla Dorotea hajatimiza sitini, umri wa wanawake kustaafu ulipandishwa hadi sitini na mitano. Alikuwa ameshafunga vyombo vyake aende kwa bintiye Lucia, kijijini Buraza. Akavifungua. Mwaka mmoja baadaye, siku ya Alhamisi, aliegemea beseni na shuka bichi mapajani, hakuinuka tena.

Manase, shefu aliyesimamia ufuaji, alifungua daftari la mahudhurio, akaona jina la Dorotea halijafutwa. Akampa kalamu. Dorotea akasaini.

Mwisho wa mwezi Manase alikuwa na furaha. "Dorotea haombi ruhusa, hasemi mgongo, hasemi magoti," aliwaambia wengine. "Nyinyi munachoka nini?" Akaondoa mapumziko ya chai. Wanawake wakaanza kufua mbio mbio. Siku hizo ndipo kifua cha Amisa kilipoanza kubana kila alipoinua karai, na hakumwambia mtu. Usiku alilala amekaa.

Wiki mbili baadaye, Jumatano, Amisa akapanda basi hadi Gitega, dosiye ya Dorotea, karatasi zake zote za kazi, ikiwa kwenye mfuko wa plastiki. Aliona mtu akienda mwenyewe, akaeleza vizuri, barua ya kustaafu itatoka.

Kwenye korido ya ofisi ya pensheni benchi lilijaa wanawake waliovaa nguo zao nzuri, mikono mapajani, visigino vina udongo. Mmoja, aliyekuwa akifagia shule kule Ryansoro, alijisogeza.

"Kaa, dada. Baridi yetu haiambukizi. Mimi huu ni mwaka wa tatu nakuja."

Amisa akakaa. Baridi ilimpenya ubavuni, lakini hakusogea, asije akamvunjia heshima.

Karani aliitwa Nazario. Alikuwa mpole, akasoma kila karatasi.

"Alikufa na miaka mingapi?"

"Sitini na moja."

"Bon. Iko bado minne."

"Akitimiza ile minne, mutamuachilia?"

Nazario akaweka kalamu chini. "Mama, mutu akishakufa hazeeki tena. Mwaka ujao atakuwa na sitini na moja. Mwaka wa kufuata, vilevile."

"Sasa atamaliza lini?"

"Hapo sheria haisemi kitu." Akaifunga dosiye, akamrudishia kwa mikono miwili. "Na we, mama? Iko na ngapi?"

Kifua kikabana. Amisa akashika ukingo wa meza. "Hamsini na tisa na miezi tano."

Nazario alimtazama vidole, kisha midomo, vyote vimeanza kuingia ubuluu. "Ujichunge," akasema taratibu, akitupa macho kwenye benchi la korido. "Usifike huku mapema."

Basini Amisa alitunga uongo, na hadi wanafika Muyinga ulikuwa umekaa vizuri. Asubuhi alipomwona Dorotea akimngoja karibu na bomba, ukamponyoka wote. Akamwambia ukweli, maneno ya Nazario yote, hata yale ya mwisho.

Maji ya bomba yakajaa ndoo, yakamwagika, hakuna aliyeyafunga.

"Kumbe ni hivyo," Dorotea akasema. Akaitazama midomo ya Amisa, kama karani alivyoitazama. "Kifua kimeanza lini?"

"Wiki mbili hivi."

Dorotea akamnyang'anya karai, akageuza ndoo moja tupu chini juu. "Kaa hapa."

"Manase atanifukuza."

"Anachotaka ni mashuka. Mimi sichoki tena. Wewe bado unaweza kufika sitini na mitano."

Amisa akakaa. Dorotea akafua ya kwake na ya Amisa, bila kuhema. Manase alipita, akamwona mmoja amekaa, akayaona mashuka yote kwenye kamba, akaendelea na njia yake. Saa nne akaleta mashuka ya wodi ya upasuaji pia, kwa kuwa kazi ilikuwa inakwenda vizuri.

Rundo lilifika kiunoni. Amisa akataka kuinuka. Dorotea akamwekea mkono begani, mkono baridi uliolowa, akamkalisha.

Amisa akavuta pumzi polepole, akaitoa polepole. Alikuwa amebakiwa na miaka mitano na miezi saba ya kutokufa.