Viatu Mlangoni kwa Harish

Pale Misigiri, wilayani Iramba, hakuna aliyemwita marehemu mzee Elisha kwa jina lake la ubatizo. Walimwita Vua Viatu, na jina hilo alilipatia dukani, tena duka la vitabu.

Enzi zile za foleni na mgawo wa duka la kaya, mzee alikwenda Singida mjini kununua kitabu cha nyimbo za kanisani. Akarudi na habari kwamba kwa Harish, lile duka ambamo nusu ya waliosoma mkoani walinunuliwa kitabu chao cha kwanza, mtu haingii na viatu. Unavua mlangoni, unaingia kimya, unakaa chini, na kabla ya kuuziwa chochote unapewa halua tamu kushinda asali ya Itigi. Aliisimulia habari hiyo kwenye harusi na kwenye misiba, na watu wakamwamini, maana nani alikuwa na nauli ya kwenda kuhakikisha?

Ikaja enzi ya ruksa, biashara zikafunguliwa. Mabasi yakaongezeka, mitumba ikamwagika minadani, na Antipasi, mdogo wa mume wa Dorkas binti Elisha, akajinunulia mabuti. Akaenda nayo hadi dukani kwa Harish, yana tope hadi kwenye vifundo, akanunua madaftari, akatoka. Hakuna aliyemtazama miguuni. Alirudi kijijini na lile jina la Vua Viatu mdomoni, akaligawa kila kilabu cha pombe. Mzee hakubishana naye. Alisema tu, "Nilichokiona nilikiona," akaendelea kupalilia mtama wake.

Alipofariki, mtani wa ukoo aliizunguka maiti na viatu kichwani, akitangaza kwamba anaingia dukani kwa Harish. Utani wa msibani haukatazwi, na Dorkas alicheka pamoja na wengine. Lakini kicheko kile hakikumtoka akilini. Baba yake hakuwa mlevi wala mwizi. Je, alikuwa mwongo? Dorkas alitaka kulijua hilo tu, hata kama jibu litamuuma, na hapakuwa na wa kumwambia ila duka lenyewe.

Basi Januari, shule zikikaribia kufunguliwa, akafunga safari. Antipasi akang'ang'ania kumsindikiza.

"Mtalii hatembei bila kiongozi," alisema. "Mimi nitakuonyesha mlango, shemeji. Wewe utanionyesha pa kuweka viatu."

Duka lilikuwa dogo kuliko sifa zake. Dorkas alilisamehe papo hapo, maana hata baba yake alikuwa mfupi. Maandishi ya juu ya mlango yalikuwa yamefifia, na dirishani, palipokuwa na ramani zamani, sasa zilipangwa redio kaseti. Nje mpiga picha alikuwa akiwapanga watu wa vijijini waliotaka kupigwa picha na mlango ule maarufu nyuma yao. Ndani watu walibanana mpaka kaunta haionekani: wazazi, watoto, walimu, kila mmoja akitaja kitabu chake kwa sauti kumshinda mwenzake.

Dorkas alitazama kizingiti. Hapakuwa na kiatu hata kimoja. Watu wote walikuwa wanaingia na vumbi lao, wengine wakiwa na kandambili, wengine raba. Kumbe ni kweli, alijiambia, baba alitudanganya.

Angeweza kuingia hivyo hivyo kama wengine. Lakini alipoinua mguu, uliona aibu kuvuka. Siyo kwamba bado aliamini. Hakutaka tu awe yeye wa kumkana baba yake mlangoni, mbele ya Antipasi. Akainama, akavua viatu, akavikumbatia kifuani.

"Nilijua," Antipasi alisema, akicheka hadi akajishika ubavu. "Damu ni damu."

Dorkas akaingia, akakanyagwa. Alikanyagwa na raba, na visigino, na buti la shemeji yake mwenyewe, mpaka akafika kaunta vidole vikiwaka moto. Nyuma ya kaunta alisimama mzee wa Kihindi, miwani yake imefungwa uzi kwenye sikio. Alikuwa ananyoosha mkono kupokea pesa ya mtu mwingine, akaviona viatu kifuani mwa Dorkas, mkono ukabaki hewani.

"Mama," alisema Harish, "wewe unatoka Iramba."

"Misigiri, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Miaka mingi sijaona mtu na viatu mkononi. Ile mila yenu mmeiacha?"

Dorkas hakuelewa. "Mila yetu? Si yenu?"

"Yetu?" Harish alimkabidhi mtu yule chenji yake na kuwaacha wengine wangoje. "Sisi siku ya Diwali, sikukuu yetu ya taa, tunaombea vitabu humu humu dukani. Siku hiyo tu tunavua viatu, na mlango tunauacha wazi. Mwaka mmoja tukamaliza sala, tukageuka, tukamkuta mtu mwembamba wa Iramba amekaa nyuma yetu, kimya kabisa. Katambuga zake kazipanga mlangoni pamoja na viatu vyetu. Mama yangu akampa halua."

"Akanunua kitabu cha nyimbo," Dorkas alisema taratibu.

"Hichohicho. Kisha akaja tena siku ya kawaida, watu wamejaa namna hii. Akavua tena, akazishika mkononi. Marehemu baba akatuambia, msicheke. Sisi tunaheshimu vitabu siku moja kwa mwaka, hawa watu wa Iramba kila siku. Kuanzia leo huku nyuma ya kaunta hakanyagi mtu na viatu."

Harish akainua kibao cha kaunta ili Dorkas aone. Miguu ya Harish ilikuwa mitupu, imepasuka visigino. Bi Lalita, mkewe, aliyekuwa akishusha vitabu rafuni, alikuwa peku. Hata kijana wao Prashant, aliyekuwa akimsifia mteja redio, pamoja na suruali yake ya jinzi, alikuwa peku. Antipasi alikuwa amenunua hapa mara nyingi, na mara zote aliwaona kuanzia kiunoni kwenda juu.

"Huyo mzee yupo?" Harish aliuliza.

"Alikuwa baba yangu. Tulimzika mwaka jana."

Harish alivua miwani. "Pole sana, mama. Sisi tulidhani tunawaiga ninyi."

"Na yeye alidhani anawaiga ninyi," Dorkas alisema, akaanza kucheka, na machozi yakamtoka hapohapo mbele za watu. Alikuwa na furaha kuliko siku zote tangu msiba.

"Pita ndani," Harish alisema. "Njoo uvione vitabu kwa karibu."

Dorkas akapita, sakafu ya saruji ikampoza vidole. Antipasi, ambaye hakuwa anacheka tena, akashika kibao apite nyuma yake. Dorkas akageuka. Hakupandisha sauti.

"Shemeji," alisema, "vua viatu."

Antipasi aliinama kufungua kamba, na akabaki ameinama muda mrefu kuliko kamba zinavyohitaji.