Mikono ya Kushoto

Watu walimwita Mama Pini, na jina lenyewe lilimkaa vizuri. Saa zote za kazi alikuwa na pini mdomoni, zimejipanga kama meno ya ziada, na mteja aliyeuliza kama nguo yake iko tayari alijibiwa kwa mguno. Mguno mmoja ulikuwa ndiyo. Miwili ilikuwa hapana. Wa tatu, ule mrefu unaoanzia tumboni, ulikuwa na maana kwamba mteja ameuliza mno na sasa aende zake. Waliomjua vizuri walisema pini zile zilikuwa neema kwa mtaa mzima, maana mama yule akizitoa mdomoni, ulimi wake nao ulikuwa na ncha.

Asubuhi ya Jumamosi ile pini zilikuwa kwenye ukosi wa blauzi yake, na hilo ndilo lililoharibu mambo.

Chumba cha ushonaji walikuwa nacho wawili, yeye na wifi yake, mke wa kaka yake. Wifi alikata, Mama Pini alishona. Meza ya kukatia, ambayo ilikuwa mali ya Wifi, ilikaa dirishani penye mwanga. Cherehani ilikaa karibu na mlango, penye umbea. Walikuwa wamezoeana kiasi kwamba Wifi akinyoosha mkono bila kutazama, chaki ilishawekwa kiganjani. Mama Pini hakuzaliwa na dada, na tangu kaka yake aoe hakuwahi kuona kwamba amepungukiwa.

Kazi iliyokuwa mezani ni majoho meupe ya kwaya ya watoto kanisani. Wifi alikuwa amemaliza kukata mikono yote, akaifunga bunda na kuiweka kando ya cherehani. Mama Pini akafungua bunda, akachukua mkono wa juu. Wa kushoto. Akachukua uliofuata. Wa kushoto. Akachambua bunda lote, na mikono yote ilielekea upande mmoja. Sasa, mkono wa nguo una mbele yake na nyuma yake. Wa kushoto ukiupachika kulia, mvaaji atatembea kama mtu anayevutwa bega na polisi.

"Wifi! Hii ni nini? Mikono yote ya kushoto!"

"Subiri kwanza, wifi, hiyo nime..."

"Nisubiri nini? Hawa watoto watamsifu Mungu kwa upande mmoja?"

"Nisikilize basi. Kitambaa chenyewe..."

Lakini damu ilishamchemka. Mlangoni walikuwepo wateja, na fundi viatu wa chumba cha pili alikuwa ameingia kuomba uzi. Hasira ya Mama Pini ilipenda watazamaji. Mbele ya watu iliwaka maradufu.

"Mkataji gani wewe?" alisema. "Kitu pekee unachojua kukata ni tamaa za watu!"

Fundi viatu akaangua kicheko, na wateja wakamfuata. Tuseme ukweli, maneno yenyewe yalikuwa yameshonwa vizuri, na Mama Pini alionja utamu wake kwa muda mfupi sana, kisha akamwona Wifi usoni. Wifi alipangusa chaki mikononi, akauviringisha mkasi wake ndani ya kitambaa, akasema kwa sauti ya chini, "Jioni nitamtuma mtu wa mkokoteni aje achukue meza yangu." Akatoka.

Mama Pini akazirudisha pini mdomoni, wakati hakuna tena wa kumnyamazia. Mchana kutwa alibishana na nafsi yake. Mikono ni ya kushoto au si ya kushoto? Ni ya kushoto. Basi kosa lake liko wapi? Hata hivyo, kila alipoinua macho aliiona meza ile imekaa dirishani bila mtu, na cherehani ikawa inamchosha miguu.

Alasiri alikuwa na darasa. Ndiye aliyewafundisha watoto kanisani kila Jumamosi, na Mungu naye ana utani wake, kwa sababu somo la siku ile, lililopangwa zamani kabla ya ugomvi wowote, lilikuwa hasira. Alizichomeka pini ukosini, akabeba pasi yake ya zamani pamoja na kipande cha kitambaa, akaenda.

Chumba cha watoto kilikuwa nyuma ya kanisa, kina mabenchi mafupi, harufu ya sabuni ya sakafu, na dirisha linaloelekea machweo. Watoto walikuwa wamejaa pomoni.

"Nani hapa amewahi kukasirika?" aliuliza.

Mikono yote ikapanda. Mtoto mmoja, pengo mbele, alipandisha miwili.

"Mimi nilimng'ata mdogo wangu," alisema.

"Alikukosea nini?"

"Alikuwa anapumua kwa nguvu."

Mama Pini akajikaza asicheke. Akainua pasi. "Pasi ikiwa ya moto ni mbaya?"

"Hapana!" wakajibu. "Inanyoosha nguo!"

"Vizuri. Basi hata kukasirika kwenyewe si dhambi. Yesu mwenyewe alikasirika alipoona watu wanaonewa. Lakini pasi ya moto unaishika mwenyewe, unaiangalia, na ukimaliza unaiweka chini. Ukiisahau juu ya nguo ya mtu, je?"

Akakunjua kile kitambaa. Katikati palikuwa na alama ya kahawia yenye umbo la pasi, na nyuzi zake zilikuwa zimeungua. Watoto wakavuta pumzi kwa pamoja.

"Pasi hii imepoa siku nyingi," alisema. "Gusa, ni ya baridi. Alama imetoka?"

"Haijatoka."

"Ifue, Mwalimu," alishauri yule wa pengo.

"Nimeifua. Neno la hasira ndivyo lilivyo, wanangu. Wewe unapoa, unakwenda kucheza. Mwenzako anabaki na alama."

Aliposema hivyo akajisikia mwenyewe. Akakimbilia kwenye maneno ya kukariri, ambako alidhani pana usalama.

"Mtume alituonya tusilale na hasira. Rudieni baada yangu: Jua lisichwe mngali mmekasirika."

"Jua lisicheke mngali mmekasirika!" watoto wakapaza sauti.

"Lisichwe."

"Lisicheke!"

"Jamani, si kucheka. Kuchwa. Jua kuchwa ni jua kuzama. Lisi-chwe."

"Lisi-cheke!" wakaitikia, kwa furaha kubwa kuliko mwanzo. Lile neno la zamani halikuwa na nafasi vinywani mwao, na wala hawakuona ubaya wa lile walilokuwa nalo.

Benchi la mbele mkono ukapanda. Ulikuwa wa mtoto wa Wifi, binti ambaye nyumbani walimwita Chiriku, kwa sababu hata usingizini alizungumza.

"Shangazi."

"Hapa ni Mwalimu."

"Mwalimu Shangazi. Jua likiona watu wamenuniana, linawacheka?"

"Halicheki, mama. Linakuchwa tu."

"Kwa sababu mama yangu leo amerudi nyumbani mapema, akajifungia chumbani. Nikamuuliza, akasema vumbi limemwingia machoni. Na chumbani hamna vumbi, nilifagia mimi. Halafu akasema haji tena kwako." Chiriku aligeuka kulitazama dirisha, ambako jua lilikuwa limeshaanza kuteremka. "Sasa litawacheka wewe na yeye. Na mimi sitaki mama yangu achekwe."

Mama Pini akakaa kwenye benchi la watoto, magoti yakamfika kidevuni. Alishachekwa, mwanangu, aliwaza. Alichekwa asubuhi, na mimi ndiye niliyewachekesha watu. Aibu ilimshika, aibu hasa, ile inayopandisha joto masikioni. Ubishi wote wa mchana kuhusu kushoto na kulia ukamtoka kichwani, maana hata kama mkataji angekosea majoho ya dunia nzima, yule alikuwa ndugu yake.

"Watoto," alisema, "mwalimu wenu leo asubuhi ameisahau pasi juu ya nguo."

"Ya nani?"

"Ya mama yake Chiriku."

"Imeungua sana?"

"Ndiyo nataka kwenda kuangalia. Nani ataniombea?"

Yule wa pengo akasimama, akafumba macho kwa nguvu zake zote. "Mungu, tunakuomba umsaidie Mwalimu aombe msamaha. Na asing'ate mtu tena. Amina."

"Amina," akasema Mama Pini, na hakuwahi kuiitikia sala kwa moyo mweupe namna ile.

Alitaka kwenda peke yake, lakini nani angewazuia? Darasa zima lilimfuata nyuma, shingo zimepinda kuelekea jua. "Bado halijacheka, Mwalimu! Kaza mwendo!" Alipopita penye vyumba vya mafundi alimkuta mtu wa mkokoteni anaupima mlango wake kwa macho, na fundi viatu amekaa anagonga soli.

"Wewe weka mkokoteni, unifuate," alimwambia wa kwanza. Kisha akamgeukia fundi viatu. "Na wewe ulicheka asubuhi. Inuka twende, ukashuhudie na jioni."

Fundi viatu alikwenda na kiatu chake mkononi, hajui kama ameitiwa heri au shari.

Wifi alikuwa mlangoni kwake anakung'uta mkeka. Alipouona msafara ule akasimama, mkeka unaning'inia.

"Wifi," alisema Mama Pini. "Nilikutukana mbele za watu, kwa hiyo nimekuja na watu. Hata kama mikono yote ni ya kushoto, hata ungekata joho la mtu mwenye mikia, sikuwa na haki ya kukusema vile. Nilitaka wacheke, wakacheka, na mimi nimeumia tangu asubuhi. Naomba unisamehe. Ukitaka kuondoka, meza ni yako, nitaibeba mwenyewe. Lakini pale dirishani sitaki mtu mwingine, ninakutaka wewe."

Wifi aliukunja mkeka. Watoto walinyamaza, jambo ambalo darasani halijawahi kutokea. Fundi viatu alikitazama kiatu chake kana kwamba kimeandikwa kitu.

"Una pini hapo?" Wifi aliuliza hatimaye.

Mama Pini akapapasa ukosi. Zilikuwepo.

"Ziweke mdomoni."

"Wifi, mimi nime..."

"Mdomoni. Zote."

Akaziweka, moja baada ya nyingine, mpaka midomo ikajaa.

"Sasa nimalize sentensi yangu ya asubuhi," alisema Wifi. "Kitambaa kile hakina ndani wala nje. Pande zote ni sawa. Nilikipanga tabaka juu ya tabaka nikakata kwa pamoja, kisipotee hata kipande. Ukitaka mkono wa kulia, wifi yangu, unageuza."

Unageuza. Mama Pini alisimama pale na pini zake. Jambo hilo alilijua tangu siku za kujifunza kazi. Aliwafundisha wasichana wa watu, na wengine leo wana vyumba vyao. Angeukunjua mkono mmoja tu juu ya paja lake, akaupindua, angeona. Hakuona, kwa kuwa alikuwa anafoka.

"Umenisikia?" Wifi aliuliza.

Mguno mmoja.

"Siku nyingine utaniacha nimalize?"

Mguno mmoja.

"Na huyu bwana aichukue meza?"

Miguno miwili, ya haraka sana, na machozi yakimtiririka hadi kwenye pini. Mtu wa mkokoteni akasema, "Basi mimi nimeitiwa nini?" Wifi ndiye aliyeanza kucheka. Akautupa mkeka chini, akamshika wifi yake mabega, akamchomoa pini mojamoja kwa uangalifu, huku akimwambia amemsamehe, amemsamehe kabisa, ila atulie asije akazimeza. Kisha wakakumbatiana, na watoto wakapiga kelele za shangwe bila kujua sawasawa wanashangilia nini, na fundi viatu akaomba naye asamehewe kile kicheko, akasamehewa.

Chiriku alipokumbuka kulitazama jua, lilikuwa limeshakuchwa.