Jina la Mogesi kwenye Ubao wa Wachezaji

Kaka yangu Mogesi alikuwa mchezaji wa kulipwa. Mwaka 1954 meneja wa mgodi wetu, karibu na Genkuru, aliajiri vijana saba kwa kazi moja tu, kucheza mpira wa kikapu. Wazee waliuliza mara mbili kama ni kweli, kisha wakaacha kuuliza.

Kando ya uwanja palikuwa na ubao wenye safu mbili: WALIOPO na WALIOPITA. Mchezaji akiondoka, jina lake lilihamishwa kutoka kushoto kwenda kulia. Mogesi hakuhamishwa. Alifutwa, kwa sababu ya mechi ya Sirari.

Timu ya Sirari ilikuwa ya wenye maduka wa mpakani, nayo ililipa wachezaji. Siku hiyo walileta mtu mpya kutoka Susuni, aliyechukuliwa kwa urefu wake na si kwa sababu nyingine. Joram, kepteni wetu, mtu wa Musoma, akamwambia Mogesi amkabe.

"Yule ni Heche," Mogesi akasema. "Baba mkwe wangu."

"Kwa hiyo?"

"Siwezi kumzibia njia. Tena nimevaa kaptula."

"Mnyang'anye mpira, bwana, sijasema ng'ombe."

"Ng'ombe nilishampa."

Kwetu mkwe akija njiani, unaacha njia. Hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba uwanjani ni tofauti. Heche alikuja na mpira, Mogesi akampisha, akainamisha kichwa, akatazama pembeni. Heche akafunga. Refa alifungua kitabu cha sheria, hakukuta habari za wakwe, akakifunga. Heche alifunga vikapu kumi na tisa. Tulifungwa 44 kwa 28, naye akapewa blanketi la mchezaji bora.

Mogesi akarudi kulima ulezi. Mwaka 1957 alishikwa na homa, akafa siku ya nne.

Tulipomaliza matanga, mama yetu, Wegesa, akasema Jumapili atakwenda kuliona jina la mwanawe kwenye ubao. Hakujua kusoma, wala hatukuwahi kumwambia kwamba lilifutwa.

Ijumaa nikaenda kwa Joram.

"Pole sana," alisema. "Lakini ubao ni wa waliocheza. Kaka yako hakucheza. Alipisha."

Jumamosi nikaenda tena. Akanipa pole tena.

Jumapili asubuhi nilimkuta Heche ameshafika uwanjani, blanketi begani. Binti yake Kezia, mjane wa kaka, ndiye aliyempelekea habari.

"Shikamoo, mzee," Joram akasema.

"Marahaba." Heche akaliweka blanketi miguuni pa Joram. "Hili si langu. Vile vikapu nilipewa na mkwe."

"Ulifunga mwenyewe, nilikuona."

"Tangu siku ile umeniona nikifunga kingine?"

Joram akafikiri. Hakuwa ameona. Hakuna aliyekuwa ameona. Sirari walimwacha Heche baada ya mwezi mmoja.

"Basi kama yeye hakucheza, na mimi sikucheza. Futa vyangu vyote."

Joram akaokota kijiti, akaandika mchangani. Kumi na tisa mara mbili, thelathini na nane. Akatoa kwenye arobaini na nne. Akalitazama jibu.

"Kumbe tulishinda," akasema. "Ishirini na nane kwa sita."

"Na aliyemkaba mzee huyu asipate hata kikapu kimoja ni nani?" nikauliza.

Joram akaenda kutafuta rangi.

Alikuwa anamalizia herufi ya mwisho, chini ya WALIOPITA, mama alipotokea. Heche alipomwona, akatoka njiani, akainamisha kichwa, akatazama pembeni mpaka mama alipopita.

"Ni lipi?" mama akauliza.

Nikamwonyesha. Akaweka kiganja juu yake, akakiacha hapo. Rangi ilikuwa bado mbichi, M ikachafuka. Joram alitaka kuirudia. Nikamwambia aiache hivyo hivyo.