Ikisimama Ni Nyumba

Mama mkwe wangu alikataa kupanda karavani pale pale nje ya uwanja wa ndege wa Dubai. Magari yalinipigia honi, na mke wangu Resty amesimama ameshika tumbo lake la miezi minane.

"Hii ni nini?" mama aliuliza.

"Ndiyo nyumba yetu, Mama," Resty alisema.

"Yenu na nani?"

"Yangu na Boaz."

Mama aliweka begi chini. Hakuniangalia, nami sikumwangalia. Kwetu Busia mama mkwe halali nyumbani kwa mkwe wake, hata mvua inyeshe namna gani. Akilala ni aibu ya ukoo mzima. Shule niliacha darasa la sita, lakini hilo halifundishwi shuleni.

Karavani yenyewe ni ya tajiri wangu, Adib. Ni kubwa kuliko nyumba niliyozaliwa. Ina jiko, choo, sebule na vyumba viwili. Msimu wa baridi Adib hupenda kulala jangwani, basi mimi huivuta kwa pikapu na Resty hupika. Chumba cha nyuma ni chetu. Leo tuko mchangani, kesho tuko nyuma ya gereji Al Jaddaf. Kwingine hatuna.

"Mimi narudi Busia," mama alisema.

Resty alianza kulia. Ana miaka arobaini, na hii ndiyo mimba yake ya kwanza kufika mbali. "Ukirudi, nitazaa nani akiwa kando yangu? Boaz? Boaz huzimia kuku akichinjwa!"

Ni kweli.

"Mama, si unaona ina magurudumu?" Resty aliendelea. "Ichukulie ni basi."

Mama aliizunguka. Alipiga gurudumu teke, akatazama namba ya usajili. "Basi hutembea," alisema. "Ikitembea, mimi ni abiria, na abiria hachagui anayepanda naye. Ikisimama ni nyumba. Nashuka."

"Sawa, Mama," niliiambia taa ya nyuma.

Sheria haitaki mtu akae ndani ya karavani inayovutwa. Nilijua. Lakini polisi angenipiga faini siku moja, mama mkwe angenipiga mpaka kaburini.

Taa za kwanza zilikuwa nyekundu. Kwenye kioo nikaona mlango unafunguliwa, mama anashuka na begi lake, pole pole, miguu imevimba kwa safari ya ndege. Akasimama kando ya barabara. Taa ikawa kijani, akaanza kupanda. Alipomaliza kupanda ikawa nyekundu tena, akashuka.

Dereva wa lori nyuma yangu alitoa kichwa nje. "Yalla! Bibi achague, ndani au nje!"

Mama alimjibu kwa Kisamia, lugha ya kwetu. Dereva hakuelewa neno hata moja, lakini alirudisha kichwa ndani.

Nikatafuta barabara isiyo na taa. Nilishika ile kubwa inayopita International City, nikaenda, nikageuza, nikarudi. Resty alinipigia simu kutoka nyuma.

"Amelala. Anakoroma. Usisimame."

"Nimebanwa na mkojo, Resty."

"Choo kiko huku, na huku yupo mama mkwe wako. Endesha."

Kisha Adib naye akapiga simu. "Boaz, karavani yangu iko wapi?"

"Barabarani, sir."

"Naiona kwenye simu. Inakwenda na kurudi, inakwenda na kurudi. Umepotea?"

"Hapana, sir. Mama mkwe amelala ndani."

"Simama umwamshe."

"Nikisimama itakuwa nyumba, sir."

"Njoo nyumbani kwangu," alisema.

Dizeli nayo ilikuwa inaisha, nikaenda. Kwake ni Al Twar. Nilipofunga breki mbele ya geti, mama alikuwa ameshashuka.

"Nirudisheni uwanja wa ndege," alisema. "Siwezi kuishi hivi, nikilala natega sikio kama magurudumu yanazunguka."

Resty aliketi kwenye ukingo wa barabara, akasema yeye haendi popote, mtoto azaliwe hapo hapo.

Adib alitoka amevaa kanzu na ndala. Nilimweleza yote. Alinisikiliza kama mtu anayesomewa wosia.

"Subiri," alisema. "Kwenu mama mkwe halali kwa mkwe wake?"

"Halali, sir."

"Hata akitaka?"

"Hata akitaka."

"Na chakula chako hakikosoi?"

"Atakikosoa wapi, sir? Hata kuangaliana hatuangaliani."

Adib aligeuka kutazama dirisha la juu. Mama mkwe wake mwenyewe, Bibi Afrah, alikuja kutembea kabla mtoto wa kwanza wa Adib hajazaliwa. Sasa mtoto huyo yuko chuo kikuu.

"Mgeni anaweza kujiunga na mila yenu?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

Bibi Afrah alikuwa ameshateremka kuona kelele ni za nini. Aliangalia miguu ya mama, akaagiza beseni la maji ya chumvi, ndipo akauliza. Nilipomweleza alitikisa kichwa kukubali. "Wana akili," alisema. "Nyumba ya huyu mimi sikuwahi kuipenda. Kila mahali TV!"

Mambo yakaenda haraka. Adib aliniomba funguo za karavani, akamkabidhi mama mbele yetu sote. "Khalas, yamekwisha. Hii si ya Boaz tena wala si yangu. Ni nyumba ya mama zetu."

Resty alitafsiri. Mama alifikiri. "Na kitanda cha huyu?"

Nilitoa blanketi, viatu na wembe. Mama alichungulia ndani, akanusa, akaamuru madirisha yafunguliwe. Halafu aliingia, karavani imesimama kabisa, akakaa kwenye sofa na kuinua miguu. Bibi Afrah alimfuata na birika lake la kahawa. Kisha Resty. Mlango ukafungwa.

Mimi nalala sebuleni kwa Adib, ambaye siku hizi huimba akioga.

Mtoto alizaliwa hospitali, msichana, na alipotoka alipelekwa kwenye nyumba ya mama. Mimi sina ruhusa ya kuingia humo, basi nilisimama nje ya dirisha na mama akamwinua mpaka kwenye kioo, uso wake mwenyewe ameugeuzia ukutani.

"Anafanana na nani?" niliuliza.

"Resty," mama alisema, "mwambie huyo mwanamume aliyesimama nje kwamba bado ni mapema. Lakini masikio, Mungu atusaidie, ni yake."