Nyumba ya Bibi Leonise Yapanda Mlima

Anselma alipokuja kijijini kwetu Fon Zabriko kujitolea kwenye misheni ya kanisa, hatukudhani angemaliza hata msimu mmoja wa mvua. Alitoka Sent Lusia, kisiwa cha jirani. Alisema krioli, lugha ya visiwa vyetu, kama sisi, ila haraka zaidi, na kazi aliyopewa ni ile ambayo hakuna aliyeitaka: kuwaangalia wazee wanaoishi peke yao. Asubuhi aliwapelekea uji, akawafulia, akawakata kucha, akawasikiliza wakiwasengenya majirani. Jioni alirudi na tope hadi magotini.

Aliyemsumbua kuliko wote alikuwa Bibi Leonise. Nyumba yake ya mbao, vyumba viwili na paa la bati jekundu, ilikaa ukingoni mwa mto, na kila mvua kubwa mto ulimega ukingo. Bustani ilishakwenda. Choo kilishakwenda. Mchungaji Prosper wa misheni akamtuma Anselma amshawishi bibi ahamie chumba cha wazee pale misheni.

"Nikalale na vikohozi vya watu?" bibi alimjibu huku akikoroga kakao. "Nyumba hii aliijenga marehemu mume wangu. Ikienda, naenda nayo."

Anselma akainama, akachungulia chini ya sakafu. Nyumba ilikuwa imekalia mawe tu, haikushikamana na ardhi popote.

"Na ikienda mlimani, bibi?"

Jioni ile alitukuta dukani tukicheza domino, akatuambia tuibebe nyumba ya bibi hadi mlimani. Tulicheka hadi domino zikamwagika. Babu zetu walikuwa wakibeba nyumba namna hiyo, kijiji kizima, lakini siku hizi watu wanajenga kwa saruji, na nyumba ya saruji haina safari.

"Binti, umekunywa ramu ya misheni?" nikamwuliza.

"Misheni haina ramu, mjomba. Nilikuja kutafuta watu wenye nguvu. Naona nimekosea duka."

Kicheko kikapungua. Lakini sote tulijua kwamba bila Hilaire nyumba ile haiinuki. Yeye ndiye mwenye mabega, na baba yake ndiye aliyekuwa akiongoza kazi kama hizo. Na Hilaire hakuwa akimsalimu Bibi Leonise, tangu mbuzi wa bibi alipopotea miaka mingi nyuma, bibi akamwita mwizi mbele ya kanisa, watu wote wakitoka ibadani.

Kesho yake Anselma akamfuata shambani. Nilikuwepo, tulikuwa tukichimba majimbi.

"Aniombe radhi kwanza," Hilaire alisema.

"Hataomba. Unamjua."

"Basi mto umchukue na ulimi wake."

Anselma hakubishana. Alichukua jembe langu, akaingia kwenye tuta la pili, akaanza kuchimba. Alichimba vibaya sana. Jimbi la kwanza alilipasua katikati, la pili akalikata kichwa.

"Unaniulia chakula, wewe!" Hilaire akafoka.

Anselma hakuacha. Jua lilipofika utosini viganja vyake vilikuwa vimechubuka, na nyuma yake kuna fungu zima la majimbi yaliyokatwakatwa. Hilaire akajifuta jasho.

"Jumamosi," akasema. "Na simfanyii yeye. Nakufanyia wewe, maana ukiendelea hivi sitabakiwa na shamba."

Jumamosi kijiji kizima kiliteremka mtoni. Mchungaji Prosper alikuwa ametoa kipande cha ardhi ya misheni kule juu, kando ya barabara, ingawa uso wake ulionyesha kwamba haamini. Wanawake wengine walibaki huko juu wakibandika vyungu vya matunda ya shelisheli na samaki wa chumvi. Sisi tukapitisha magogo chini ya sakafu, tukajipanga. Bibi akakataa kutoka.

"Nitoke mnivunjie sahani?"

"Mwacheni," alisema Hilaire. "Ana uzito wa kuku."

Akahesabu, tukainua. Mbao zililia, misumari ikalia, kisha nyumba ikaachana na mawe yake. Nilihisi uzito ukishuka begani hadi kisigino, nikafurahi kama mtoto. Tukapanda.

Kwenye kona ya mlima mvua ikatupiga. Tope likawa sabuni. Pembe ya nyuma ya nyumba, niliyoibeba mimi, ikaanza kuinama, na ndani tukasikia sahani zikianguka.

"Tuiweke chini!" mmoja akapiga kelele.

"Tukiiweka hapa haiinuki tena!" Hilaire akajibu.

Anselma akaja mbio, akaingiza bega chini ya gogo, ubavuni mwangu. Wanawake wakaacha vyungu, wakateremka mbio, nao wakaingia. Nyumba haikuanguka, lakini haikuenda. Tulisimama tukihema. Ndipo dirisha likafunguka.

"Hilaire!"

"Bibi, si sasa!"

"Yule mbuzi alirudi mwenyewe. Wiki ile ile."

Hilaire akageuza shingo kuelekea dirishani.

"Miaka yote hii?" Hilaire akauliza.

"Niliona aibu, mwanangu. Nisamehe."

Hilaire alitoa sauti ambayo mpaka leo sijui kama ilikuwa kicheko au kilio. "Jamani, inueni! Twendeni kabla sijamwangusha bibi huyu kwa makusudi!"

Tukaangua kicheko, na kicheko kile kikatupa nguvu ambazo hatukujua zilikuwa wapi. Nyumba ikapita kona, ikapanda, haikusimama tena mpaka juu, ikatua kwenye mawe mapya. Kelele zilizopigwa! Mchungaji Prosper alitukumbatia mmoja mmoja, pamoja na tope letu, joho lake jeupe likageuka la kahawia.

Bibi Leonise akatoka, akamshika Hilaire mkono. Kisha akageuka kuikagua nyumba yake.

"Mbona mlango unaangalia ukuta wa misheni?"

Sote tukageuka kuutazama mlango.

"Nitawaonaje watu wanaopita barabarani?"

Mwenzangu mmoja akakaa chini kabisa. Anselma alitazama viganja vyake, akavitemea mate, akajipenyeza tena chini ya gogo.

"Mmemsikia bibi," akasema. "Haya, inua!"

Tukainua tukiimba, watu tuliodhani tumeishiwa nguvu, na nyumba ikazunguka juu ya mabega yetu, nyepesi, huku Bibi Leonise amesimama katikati ya barabara akipunga mikono: "Kushoto! Kushoto kwangu, si kwako!"